“Mama mdogo, nikopeshe niende Ujerumani”

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza, Tanga. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 24, amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani kwa miaka mitatu, huku akilipwa. Kijerumani amefika kiwango cha B1, chuo kinataka kinachofuata, B2. Anaomba nimkopeshe milioni 12, na milioni 5 kati ya hizo ni za dalali aliyemtafutia nafasi. Yeye ana pikipiki ya bodaboda na sehemu yake katika shamba la machungwa aliloacha mama yake. Mimi nina akiba ya milioni 3.5 SACCOS, naweza kukopa mara tatu yake kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mume wangu amekataa katakata, anasema mtu akishapanda ndege hadaiki. Nifanyeje? Orodha ya matumizi aliyoniandikia nimeiambatisha.

JIBU: Mwalimu, milioni 12 usimpe. Milioni 4.5 unaweza kumkopesha, lakini baada ya viza kubandikwa kwenye pasipoti yake, si kabla, na hata shilingi moja isipitie kwa dalali. Kuhusu milioni 12 mumeo yuko sahihi kabisa. Kuhusu hiyo milioni 4.5, mpe hesabu zilizo hapa chini azisome mwenyewe kabla hajasema ndiyo au hapana.

Tuanze na orodha ya kijana:

Dalali 5,000,000
Kozi ya B2 na mtihani 1,600,000
Tafsiri ya vyeti 400,000
Viza 220,000
Tiketi 2,200,000
Nguo za baridi 600,000
Pesa ya kuanzia maisha 1,980,000

Mstari wa kwanza unafutwa wote. Sheria ya Ujerumani inayosimamia huduma za ajira inasema wazi kwamba anayemtafutia mtu nafasi ya mafunzo ya kazi, wenyewe wanaita Ausbildung, anaruhusiwa kudai malipo kwa mwajiri peke yake. Mwanafunzi hatozwi. Kwa hiyo dalali anayetaka milioni 5 ama analipwa mara mbili, na hospitali na kijana wako, ama hakuna hospitali yoyote inayomjua. Akisema hiyo si ada ya nafasi bali ni ya “huduma”, mwambieni aandike kila huduma na bei yake, na kila malipo yatolewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wengi huishia hapo. Akija na hoja kwamba ana mtu wa kuharakisha viza, ndiyo sababu ya kuachana naye kabisa: maombi ya viza huwasilishwa na mwombaji mwenyewe, ada yake ni euro 75, na haina njia ya pembeni.

Mistari mingine ni ya kweli, ila vipimo vyake vimekosewa. Tiketi ya kwenda tu, ikikatwa wiki kadhaa kabla, itengee milioni 1.8. Nguo za baridi laki sita ni nyingi mno. Koti zito, sweta mbili na viatu vya kufunika kifundo utavipata kwenye mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, kwa laki tatu na chenji ikabaki. Tena makoti hayo mengi yametoka huko huko kwenye baridi, yanaijua kazi yake. Penye upungufu ni mstari wa mwisho. 1,980,000, nikichukua euro moja kwa shilingi 2,900, ni kama euro 680. Haitoshi. Mwanafunzi akifika, mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na asipowahi kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi na kufungua akaunti ya benki, huchelewa zaidi. Ndani ya mwezi huo anatakiwa kulipa kodi ya chumba, dhamana ya chumba na kula. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za maji na joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi mwezi. Hili la awamu vijana wengi hawalijui, wanaikopa yote kwa mkupuo kabla hata hawajaondoka. Kama hospitali ina bweni, dhamana huwa ndogo zaidi. Mtengee euro 900, yaani 2,610,000.

Orodha mpya sasa ni hii: kozi na mtihani 1,600,000, tafsiri 400,000, viza 220,000, tiketi 1,800,000, nguo 300,000, kuanzia maisha 2,610,000. Jumla 6,930,000. Kama hana pasipoti, aongeze 150,000.

Kabla hujafungua mkoba wako, utaratibu wa nani anatangulia una uzito kuliko kiasi chenyewe. Gharama za safari zimegawanyika pande mbili, zinazolipwa kabla ya viza na zinazolipwa baada yake. Za kabla ya viza (kozi, tafsiri, ada ya viza) ni 2,220,000, na hizo ndizo zinazoweza kupotea viza ikikataliwa. Za baada ya viza ni kubwa zaidi lakini hatari yake ni ndogo, kwa sababu ubalozi umeshakagua mkataba wa mafunzo, vyeti na lugha. Basi pesa yake itangulie kwenye upande wa hatari, yako ifuate viza. Auze pikipiki. Ikimpa milioni 2, na mchango wa ukoo ukitoa laki nne na thelathini, ana 2,430,000: analipia kozi, tafsiri na viza, na anabakiwa na 210,000 za nguo. Upungufu unaokuja kwako ni 4,500,000 kamili: tiketi, pesa ya kuanzia, na 90,000 ya kumalizia nguo.

Atakuambia pikipiki ndiyo inayomlisha, auze vipi kabla hajapata viza. Jibu lake ni kwamba anaweza kuiuza kwa hatua: aanze na kozi kwa pesa ya bodaboda ya kila siku, auze siku anapofaulu mtihani. Lakini asipokuwa tayari kabisa kuiweka pikipiki yake rehani kwa safari yake, basi na wewe hupaswi kuweka mshahara wako. Tena usikubali akuletee kadi ya pikipiki “uishike”. Kadi iliyo kwa jina lake ni karatasi tu mkononi mwako. Akiripoti imepotea anapata nyingine.

Sasa karatasi. Usikague kijana, mtoto uliyemlea huwezi kumkagua sawasawa. Kagua mkataba wake wa mafunzo. Uwe na jina la chuo na la hospitali, tarehe ya kuanza (mara nyingi Aprili, Agosti, Septemba au Oktoba), muda wa miaka 3, malipo ya mwezi kwa kila mwaka wa mafunzo, saa za kazi, siku za likizo, na saini za pande zote mbili. Uuguzi kamili una saa zisizopungua 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Ukiona mkataba wa mwaka mmoja wenye “posho” ya euro mia chache, huo ni wa kujitolea. Ukiona euro 280 kwa mwezi na kazi ya kulea watoto wa familia, huo ni wa au pair. Vyote viwili ni halali na vina faida zake, vijana wengi wamefikia uuguzi kwa kupitia huko, ila havina uwezo wa kulipa deni lolote. Mkopaji wa namna hiyo mpe zawadi, usimpe mkopo.

Kisha mpime kwa simu. Tovuti za taasisi za Ujerumani zinatakiwa kisheria kuwa na ukurasa uitwao Impressum, wenye anwani, simu na jina la anayewajibika. Chukueni namba hapo, si kwenye karatasi ya dalali. Kijana akae mbele yako, aweke simu kwenye spika, apige chuoni na aulize kwa Kijerumani: jina langu ni fulani, mnayo nafasi yangu ya tarehe fulani? Dakika tano hizo zinakupa majibu mawili. La kwanza, nafasi ipo au haipo. La pili, mtu wa B1 anaweza kujieleza kwenye simu hata kama anababaika. Akishindwa kabisa hata kusema ameitwa nani na anataka nini, cheti chake kina walakini, na wodini itakuwa vigumu zaidi maana wagonjwa wazee huongea kwa lafudhi za kijijini kwao. Mtihani wa B2 aufanyie mahali panapotambulika, kama Goethe-Institut pale Dar es Salaam, na ada ilipwe kwao moja kwa moja.

Uwezo wa kulipa unatoka kwenye mshahara wake, basi tuukate. Hospitali za umma zinazofuata makubaliano ya mishahara humlipa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Zipo taasisi binafsi zinazolipa pungufu, ndiyo maana nimesema usome mkataba. Makato ya bima za afya, pensheni, ajira na matunzo ya uzeeni hula kama moja ya tano. Kodi ya mapato kwa kiwango hicho ni kidogo au haipo. Tuseme 1,050 mkononi. Chumba kwenye mji wa kawaida 400 (München au Frankfurt hesabu hii inavunjika), chakula 220, tiketi ya mwezi ya usafiri 65, simu na intaneti 25, ada ya redio na televisheni 18 ambayo hutozwa kwa nyumba iwe ina televisheni au haina, nguo na mengineyo 100. Hizo ni 828. Zinabaki 222. Bibi atataka kitu, na ni haki yake: weka 60. Zinabaki kama 160.

Kutoka hapo anaweza kukulipa euro 100 kwa mwezi bila kufunga mkaja. Si 300, kama watu wanavyoahidi wakiwa bado Muheza. Atasema atafanya kazi ya ziada jioni, na kweli sheria inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki, lakini mwanafunzi wa uuguzi ana zamu za usiku, ana mitihani, na ana Kijerumani cha kusoma kila siku. Kwenye hesabu ya mkopo kazi ya ziada ihesabu sifuri.

Euro 100 ni shilingi 290,000. Halafu kuna miezi 6 ya majaribio, muda ambao chuo au mwanafunzi anaweza kuvunja mkataba. Kipindi hicho usimdai. Si huruma tu: mtu anayebanwa na deni mwezi wa pili huacha kununua vitabu na kuanza kutafuta vibarua, halafu anafeli majaribio na deni lote linazama naye. Malipo yaanze mwezi wa 8 tangu asafiri.

Hapo ndipo SACCOS yako inaingia. Mkopo wa 4,500,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ni marejesho ya kama 212,000 kila mwezi, jumla 5,084,000. (Hakikisha na karani kama riba ni ya salio linalopungua au ya kiasi cha mwanzo, ikiwa ni ya kiasi cha mwanzo, riba inapanda kutoka kama 584,000 hadi 1,080,000.) Ungekopa 10,500,000 zote unazoruhusiwa, kwa miezi 36, ungekatwa kama 349,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, na bado milioni 12 haijatimia.

Miezi saba ya kwanza yeye halipi na SACCOS haingoji. Ni 212,000 mara 7, yaani 1,484,000 kutoka kwenye mshahara wako. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kama ukope au usikope. Kaa na mumeo, toeni 212,000 kwenye matumizi ya mwezi uliopita, mwone ni kitu gani kingekosekana. Kama ni ada ya mtoto wenu, jibu ni hapana. Kama ni kiti kipya cha sebuleni, mnaweza kuendelea. Kumbuka pia una wadhamini, walimu wenzako, na akiba zao zimefungwa na mkopo wako. Kijana akikwama Ujerumani, anayepigiwa simu na SACCOS ni mwalimu wa darasa la pili ambaye hata hamjui. Waambie wadhamini mkopo huu ni wa nini, usiwaandikie “ukarabati wa nyumba”.

Jaza fomu mapema lakini pesa itoke viza ikishapatikana. Mara nyingi viza huja wiki chache tu kabla ya masomo kuanza, na kamati ya mikopo ya SACCOS hukaa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo muulize katibu tarehe za vikao sasa hivi.

Pesa ikitoka, usimkabidhi bulungutu. Tiketi nenda naye kwa wakala, lipa wewe kwa benki au simu, ubaki na risiti. Euro 900 mpe 450 taslimu siku ya safari, nyingine 450 mtumie akishakutumia picha ya mkataba wa chumba. Ukizituma kwa awamu ya pili utakuwa pia umejaribu njia ya kutumiana pesa kabla haijawa njia ya kukulipa.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usainiwe kabla ya tiketi kukatwa. Maneno yake yanaweza kuwa hivi:

“Mimi ……, NIDA namba ……, nimekopa kwa mama yangu mdogo …… shilingi 4,500,000 (milioni nne na laki tano): tiketi 1,800,000, nguo 90,000, fedha ya kuanzia maisha 2,610,000. Gharama ya mkopo alioukopa SACCOS kwa ajili yangu, shilingi 584,000, ni juu yangu. Nitalipa jumla ya shilingi 5,084,000. Kuanzia mwezi wa 8 tangu nisafiri nitalipa 290,000 kila tarehe 3 kwa miezi 17, na 154,000 mwezi wa 18 wa malipo. Gharama za kutuma ni zangu. Kinachohesabiwa ni shilingi zilizomfikia. Nisipolipa miezi 2 mfululizo, mavuno ya sehemu yangu ya shamba la machungwa lililopo …… yatalipwa kwake hadi malimbikizo yaishe. Mafunzo yangu yakikatizwa nitamjulisha ndani ya siku 14, na tutapanga upya tarehe bila kufuta deni.”

Saini yake, yako, ya mdhamini mmoja anayeishi hapo hapo, na mashahidi wawili wasiofaidika na mkopo. Isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kisha ilipiwe ushuru wa stempu TRA, maana hati isiyolipiwa ushuru hupigwa pingamizi mahakamani siku unayoihitaji. Nimeiandika kwa shilingi kwa sababu deni lako la SACCOS ni la shilingi. Ungelikuwa umekopa euro ningesema andika euro. Na riba ile 584,000 si faida yako, ni gharama uliyoibeba. Kama nyinyi ni Waislamu na jambo hilo linawatia shaka, tafuteni taasisi yenye huduma isiyo ya riba au punguzeni kiasi hadi kiwe cha akiba tupu. Kuandika na kuweka mashahidi hakuna wa kukulaumu: aya ya 282 ya Suratul Baqara imeagiza hivyo hivyo.

Dhamana ya mavuno nimeiweka makusudi. Mumeo anaposema mtu akipanda ndege hadaiki, anamaanisha kwamba hukumu ya mahakama ya Muheza haimfikii mtu aliye Ujerumani, na kuifikisha kungekula pesa nyingi kuliko deni. Ni kweli. Kwa hiyo dhamana lazima ibaki huku. Usichukue shamba lenyewe, utaanzisha vita ya ukoo itakayodumu kuliko machungwa yenyewe. Chukua haki ya mavuno ya sehemu yake, kwa hati ya uwakilishi inayokuruhusu kupokea fedha kwa mnunuzi msimu ukifika. Ila angalia kwanza: je, mirathi ya dada yako ilifunguliwa? Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, “sehemu yake” ni maneno ya kikao cha msiba tu, na ndugu yeyote anaweza kuyageuza. Ifungueni mirathi kabla hajaondoka. Akishafika huko, kila saini itakuwa ya kutumiwa kwa posta.

Yatakayoharibika huwa ni machache na yanajulikana. Viza ikikataliwa, umepoteza muda tu, pesa yako haikuwa imetoka. Yeye anabaki na B2 yake, ambayo anaweza kuombea nafasi nyingine. Akikatizwa mafunzo bila kosa lake, sheria ya ukaazi ya Ujerumani humpa hadi miezi 6 ya kutafuta nafasi nyingine ya mafunzo, kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa “mama mdogo nimefukuzwa” si mwisho wa deni. Mwambie akutumie barua ya chuo, muisome sababu.

Linaloua mikopo mingi ni jingine, nalo ni dogo kwa sura. Akianza kupokea mshahara, simu zitaanza. Binamu ana ada, jirani ana mgonjwa, kundi la WhatsApp la ukoo lina mchango wa harusi. Atawapa wote, na wewe atakuweka mwisho, kwa sababu wewe ni mama na mama hana haraka. Hakudharau, ndivyo pesa zinavyopangwa mtu akiwa mbali. Dawa ni tarehe. Tarehe 3 ni siku chache tu baada ya mshahara, kabla simu hazijaisha kupigwa. Apange malipo ya kujirudia kwenye programu anayotumia kutuma, ziingie kwenye simu yako au akaunti bila yeye kuamua upya kila mwezi. Kama ada ya kutuma ni ya kudumu kwa kila muamala, atume mara moja euro 100, asizikate vipande vya 25. Na deni hili lisitangazwe kwenye kundi la ukoo. Likitangazwa, kila mwenye shida atasema “yeye milioni nne alipewa, mimi laki moja nanyimwa?”

Mwezi wa kwanza asipolipa, piga simu uulize habari za kazi kwanza, deni baadaye. Mwezi wa pili mhusishe mdhamini. Wa tatu, hati ya mavuno inafanya kazi, bila matusi wala laana. Kila Desemba mtumie ujumbe wa salio: “umelipa kiasi hiki, bado kiasi hiki, ni sawa?” na akijibu ndiyo, uuhifadhi. Madai ya mkataba kwa sheria yetu hufa baada ya miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, saa huanza upya.

Kama baada ya hesabu zote mmeona 212,000 haiwezekani, mwambie hivi, tena wewe mwenyewe, usimtume mtu: “Mwanangu, mkopo siwezi, mshahara wangu hauubebi. Nitakupa laki tano ya tiketi, hiyo si deni. Na barua zako za chuo nitazisoma pamoja nawe.” Kiasi unachoweza kukipoteza ukalala usingizi, kitoe kama zawadi na kiite zawadi. Usikiite mkopo ukijua hutakidai, maana yeye atakuwa anakukwepa kwa deni ambalo wewe ulishalisahau.

Wiki hii kuna mambo mawili tu ya kufanya: simu ya chuo, na swali la mirathi. Simu ipigwe siku ya kazi. Saa tatu asubuhi ya Ujerumani ni saa tano ya kwetu wakati wao wana baridi, na saa nne wakati wao wana kiangazi. Ijumaa mchana msipige, ofisi nyingi za huko zinakuwa zimeshafungwa.